Ufa ni wa Nani

Siku saba ni bure. Kuanzia ya nane, paundi arobaini kila siku.
Ndivyo lisemavyo bango nililolipigilia mwenyewe
kwenye nguzo ya daraja la Crowe, misumari minne,
mmoja umepinda. Mfereji huu una mwenyewe:
kampuni yenye ofisi ya vioo, orofa ya tisa,
ambako maji huonekana kwenye ramani tu,
uzi wa buluu usionuka.

Mimi ndiye miguu yao. Natembea ukingoni
na kitabu cha risiti ndani ya koti la mvua,
nakagua mashua kama mwalimu wa zamu akaguavyo kucha:
hii imelala siku tano, hii tisa,
hii ina moshi kwenye dohani na haina wa kuitika.

Hester Pilling huitika.
Mashua yake, Edith, ni nyembamba kama ujia wa nyumba,
ina makaa juu ya paa, baiskeli, vitunguu kwenye ndoo.
Miaka kumi na sita anaishi humo na paka asiyependa maji.

"Leo ya kumi na moja, Bi Hester."
"Najua kuhesabu, Dermot. Lango la tatu limefungwa.
Nipite wapi? Niibebe kichwani?"

Kweli limefungwa, tangu Februari.
Mbao zake zimeoza; ukizibonyeza, kidole kinazama
kama kwenye mkate uliochovywa chai.
Na ukuta wa ng'ambo una ufa,
mwembamba, mrefu, unatoka jasho usiku na mchana
kuelekea malisho ya kondoo wa akina Ormerod.
Nimeandika barua tatu. Jibu lilikuja moja:
suala lako linashughulikiwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufa ni wa nani.

Akaingia ndani. Nikadhani kafuata pochi.
Akatoka na daftari la shule, jalada limevimba kwa unyevu,
akanisomea, miwani puani, kama karani wa mahakama:

Magodoro mawili, nimeyaopoa mwenyewe kwa kulabu.
Toroli la dukani, moja, na kufuli lake.
Magugu, siku nne; mikono imechubuka.
Udongo wa mfinyanzi wa kuziba ufa, ndoo thelathini na moja,
nimeukanyaga kwa miguu kama walivyoukanyaga
wale waliouchimba mfereji huu kwa sururu.
Bata aliyenaswa na waya. Huyo sidai.

"Mnanidai mia na sitini," akasema.
"Mimi nawadai mia sita na kumi na mbili.
Toa chenji."

Sina fomu ya hilo.
Risiti zangu zina safu moja tu, nayo inapanda lifti.
Nikasimama. Mvua ikaanza, ile yetu ya huku
isiyoanguka bali kuning'inia,
inakuingia kwenye kola kama mtu anayekudai.

"Basi kama huna chenji, shika ndoo."

Nikaishika. Nikavua mabuti ya kampuni,
nikayapanga ukingoni, pua zimeelekea mjini.
Udongo ulikuwa baridi hadi kwenye meno.
Tukakanyaga, yeye mbele, mimi nyuma,
mkono wake mmoja begani mwangu
maana goti lake la kushoto halimtii siku hizi.
Paka akitutazama dirishani kama mkaguzi.
Tukaushindilia ufani kwa viganja, kwa visigino,
mpaka jasho la ukuta likapungua.
Halikukoma. Lilipungua.

Jioni nikaweka kitabu karibu na jiko kikauke.
Ukurasa wa Edith umegandana na ule wa nyuma yake.
Sikuutenganisha.

Mke wangu alikuwa amesimama na ufagio,
anatazama sakafu yake kutoka mlangoni hadi kitini.
"Matope ya nani haya?"
"Ya kampuni," nikasema.